Kutafuta Trela Kavu

Safari yangu ya kufika Landani ilianzia Maskati, na ilikuwa ndefu kuliko ilivyohitajika kwa sababu sikuwa na haraka. Nilikuwa kijana wa Unguja mwenye cheti cha kidato cha nne na leseni ya malori, nikiendesha shehena za tajiri mmoja hadi Amman. Mkataba ulipokwisha nikiwa hukohuko Amman, badala ya kurudi nikapanda lori la Mturuki mmoja tuliyezoeana mpakani, nikamsaidia kuendesha hadi Istanbuli. Nilikaa huko mpaka viza ya masomo ikapatikana, kisha nikaunganisha mabasi, nchi baada ya nchi, hadi feri iliponishusha Uingereza mvua ikinyesha. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini.

Ninachokumbuka katika safari ile si miji. Nakumbuka kitanda chembamba nyuma ya kiti cha dereva, jiko dogo la gesi, birika, na raha ya kufungua mlango asubuhi nikakuta mlima ambao jana yake sikuuona. Landani ilinipa kazi ya kuendesha basi, ikanipa mke wa Kipemba, ikanipa watu wa kufuturu nao. Raha ile haikunipa. Badala yake ilinipa vyumba. Tulihama kama paka anayehamisha watoto, na kila chumba kilikuwa na unyevu zaidi ya kile tulichokikimbia.

Cha mwisho kilikuwa Neasden, juu ya duka la vitambaa. Mwenye nyumba alikuwa Mhindi wa Kisumu aliyekwisha kuhamia Stanmore, mwenye Kiswahili kizuri na mafundi wasiofika. Ukuta wa upande wa kitanda ulikuwa na ukungu mweusi. Tuliusugua kwa dawa, ukarudi. Tukaupaka rangi, ukatokeza juu ya rangi. Mke wangu alikuwa anafanya kazi ya kutunza wazee, anarudi amechoka, halafu anakaa kitandani anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Alikuwa na pumu tangu utotoni, lakini Pemba ilikuwa ikimjia mara mojamoja kama mgeni. Neasden ilihamia kabisa.

Ndipo nikaanza habari ya trela. Dereva mwenzangu alikuwa ameacha nyumba akaenda kuishi katika trela lenye shingo, yale ambayo sehemu yake ya mbele hupanda juu ya mgongo wa pikapu na kufungwa hapo, si nyuma kwenye ndoano kama karavani za kawaida. Nilipoingia ndani yake sikutaka kutoka. Nilimwambia mke wangu tutafute letu, tukae humo mwaka mzima, na tukiweza tuondoke kabisa nchi hii ya mawingu, tushuke kusini.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta pumzi ya ile dawa yake, akasema, "N'takufuata. Lakini mara moja tu, bwana. Nikilazwa kwenye unyevu mwengine, narudi kwa kaka yangu, na weye utakwenda huko kusini peke yako."

Hakuwa anatania. Kwa hiyo nilikuwa na nafasi moja ya kuchagua trela, na lazima liwe kavu.

Huyo kaka yake sasa. Shemeji alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali ya mtaa, mtu wa tai hata Jumapili, na aliamini anajua majengo kwa sababu alikuwa amejenga nyumba Chake Chake kwa simu. Nyumba ile ilivuja kila masika. Kutokana na msiba huo alipata elimu moja tu, kwamba maji huingia kwa juu na dawa yake ni kuziba. Mke wangu alisema siwezi kwenda kununua kitu kikubwa hivyo bila kaka yake. Nikakubali, na sijui kwa nini.

Trela la kwanza lilikuwa la wazee wawili wa Kiingereza, nje ya mji upande wa mashariki. Lilikuwa safi linang'aa, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Trela linanunuliwa kwa macho na watu wa likizo, wanaolala humo wiki mbili za jua. Anayetaka kuishi humo hana budi kuangalia pale asipoonyeshwa: chini ya magodoro, ndani ya makabati, pembe za madirisha, sakafu ya mbele ya sinki. Lazima ubonyeze kwa kidole gumba na unuse. Mimi nilikuwa tayari kubonyeza. Lakini kumbe chai ilikuwa imeandaliwa, na keki, na shemeji alikwishakaa.

Nilipoinuka akaniuliza kwa Kiswahili, huku akimtabasamia bibi wa watu, "Unakwenda wapi?"

"Kuangalia chini ya godoro."

"Astaghfirullahi! Chai ya mtu ingali mdomoni, unataka kumpekua kitandani?"

"Shemeji, si ndilo lililotuleta?"

"Limetuleta trela. Kitanda ni siri ya mtu na mkewe. Kaa chini, unatuaibisha."

Nikakaa. Tulikunywa vikombe vingine, tukaonyeshwa picha za wajukuu, tukaaga. Wale wazee bila shaka hadi leo wanashangaa tulikuja kufanya nini. Njiani nilimweleza shemeji kwamba kuuza ni kukubali kupekuliwa. Akanijibu kwamba ndiyo maana sisi madereva hatualikwi mahali. Nyumbani mke wangu alicheka mpaka akakohoa: "Kumbe mlikwenda kuposa!"

Kuliangalia la pili mke wangu alikuja mwenyewe. Hilo lilikuwa limeletwa kutoka Marekani, liko kwenye yadi moja kusini ya mto wa Landani, kubwa kama msikiti mdogo. Lilikuwa na sebule inayotokeza nje ukibonyeza swichi, na jiko lenye oveni inayoingia paja la mbuzi. Mke wangu alisimama mbele ya oveni ile kama bibi harusi mbele ya kioo. Mimi nilikuwa naona mengine. Ukuta ulikuwa mwembamba, wa nchi ya jua. Mabomba ya maji yalipita nje, chini ya tumbo, yangeganda baridi ya kwanza tu. Hata mlango ulikuwa upande usio wake, ukiegesha kando ya barabara za huku unashukia mbele ya magari.

Shemeji hakuona lolote katika hayo. Alikuwa amekuja na dira.

"Choo kimeelekea kibla," akatangaza kutoka ndani ya choo.

"Shemeji, hili lina magurudumu."

"Sasa?"

"Sasa ukilivuta linageuka."

"Na ukiegesha ukasahau?"

Mke wangu hakugeuka kutoka kwenye oveni. "Kaka, choo chako cha Chake kimeelekea wapi?"

"Kile alikosea fundi," akasema shemeji, akaifunga dira.

Nilikwenda kwenye ule mshono ambapo sebule inatoka na kuingia, nikakanyaga kwa kisigino. Sakafu ikabonyea kama mkate wa boflo. Nikamwita mke wangu, akaja akakanyaga na yeye, akainama akanusa zulia. Alikohoa mara moja, akatoka nje, akaenda kusubiri kwenye gari. Muuzaji alisema ni maji ya zamani, yamekwisha kukauka. Yangekuwa yamekauka, sakafu ingebonyea?

Tuliona mengine baada ya hapo, na kila mara shemeji alikuwa na lake. Moja alilikataa kwa sababu ya namba ya mlango. Jingine alilisifu paa lake kwa muda mrefu sana, akiwa juu ya ngazi na tai yake, wakati mimi ndani naweza kuingiza kalamu ukutani chini ya dirisha. Nilianza kuamini kwamba nitazeekea juu ya duka lile la vitambaa.

Siku tuliyolipata, shemeji alikuwa na mafua. Namshukuru Mungu kwa mafua yale. Mwenye trela alikuwa mzee mmoja wa pembea za maonyesho, watu wanaozunguka mji hadi mji na kuishi ndani ya matrela yao kiangazi na baridi. Hakutupa chai. Alitupa funguo akasema tuangalie tutakavyo. Lilikuwa na rangi ya kahawia, baya kama kopo la biskuti lililokanyagwa, na hakuna kitu ndani yake kilichotokeza wala kuingia. Lakini madirisha yalikuwa ya vioo viwili, mabomba yalipita ndani ya sakafu, na sakafu yenyewe ilikuwa kama saruji. Niliinua godoro, nikavuta mito yote, nikaingiza mkono hadi kwenye pembe ya mwisho nyuma ya kabati. Ukatoka na vumbi. Sijawahi kufurahia vumbi kiasi kile maishani mwangu. Mzee alisema neno moja tu wakati tunaondoka: matundu ya chini, karibu na mlango na chini ya kitanda, na yale ya darini, msiyazibe kamwe, hata mkihisi baridi.

Tulilivuta kwa pikapu tuliyoinunua pamoja nalo hadi uwanja mmoja wa karavani kaskazini ya mji, ili mke wangu apate kulijaribu kwa msimu mmoja wa baridi kabla hajaacha kazi yake. Mwezi wa kwanza alilala kama mtoto. Mimi nilianza kununua ramani.

Halafu vioo vikaanza kulia. Kila asubuhi maji yalitiririka hadi kwenye mito. Kanga zilizoanikwa ndani hazikauki. Upande wa chini wa godoro ukawa na madoa meusi yaleyale ya Neasden, na kile kikohozi kikarudi. Nilipanda juu ya paa kwenye upepo wa baridi kutafuta panapovuja. Nikapaka dawa kila mshono, nikashuka mikono imekufa ganzi, na kesho yake maji yako palepale. Nilimlaani mzee wa pembea. Nililaani kidole gumba changu mwenyewe. Mke wangu hakulaumu mtu. Alikunja sare zake, akazitia kwenye begi.

"N'shakwambia mapema," akasema. "Kifua hiki sina chengine."

Kaka yake akaja kumchukua.

Nilipobaki, nililitoa lile godoro kulipeleka nje. Chini ya kitanda, ndani ya tundu la hewa, nikaona kitambaa cha buluu. Nikavuta. Kikatoka kirefu kama utumbo: kipande cha blanketi wanalopewa abiria wa ndege. Nilikijua. Shemeji alikuwa na rundo la mablanketi ya ndege nyumbani kwake. Nikaenda mlangoni, nyuma ya viatu, nikakuta kingine. Darini palikuwa na mfuko wa nailoni na gundi ya karatasi. Nikampigia simu.

"Shemeji, umeziba matundu?"

"Nimeziba Jumapili ile ulipokuwa kazini. Upepo unaingia miguuni, mnalala kama nje. Hata hujashukuru."

"Yale ni ya hewa! Gesi ikivuja hutokea pale! Ungetuua!"

"Tangu lini mtu akajenga nyumba akaacha tundu makusudi?"

"Maji hayatoki nje, shemeji. Yanatoka kwetu. Pumzi, pilau, kanga mbichi. Yakikosa pa kutokea yanakaa ukutani."

"Kwa hiyo unasema dada yangu anavuja?"

Nilikata simu. Ningeendelea ningesema ambalo halisemwi kwa shemeji.

Niliyafungua matundu yote, nikawasha hita mchana na usiku, nikapika kwa kifuniko na dirisha wazi kidogo, nguo nikapeleka kufulia nje. Ukuta ulikauka taratibu, kwa ukaidi. Godoro nililitupa nikatafuta jipya. Mke wangu alikuja bila kuniarifu. Hakuvua koti. Aliinua godoro, akafungua kila kabati, akalala kifudifudi kunusa zulia, bila staha yoyote. Kisha akasema ana likizo ya juma moja, na kama nina mto wa ziada. Lile juma likapita, akaongeza jingine. Sikumwuliza kitu. Nililala nikisikiliza pumzi zake, na zilikuwa pumzi tu.

Tuliondoka majira ya kuchipua. Shemeji alikuja kutuaga na gunia la mchele ambalo sikulihesabia kwenye uzito unaobebwa na ekseli za trela, akalisukuma ndani mwenyewe, akasisitiza nisiendeshe kwa haraka, mimi niliyevuka jangwa na tani ishirini mgongoni. Dada yake alilia begani mwake, na yeye akalia, tai ikalowa. Nikasubiri nje hadi wamalize.

Sikurudi tena kuishi Landani. Njia nzima ya kwenda kwenye feri mke wangu alilalamika. Kiti cha pikapu kilikuwa kigumu, mkanda ulimkaba, redio haikukamata kitu, na kwa nini nilikuwa sijanunua machungwa. Alilalamika maili baada ya maili kwa sauti kamili, bila kusimama kutafuta pumzi, na mimi nikajibu kila mara, "Haya, mama," nikaendelea kuendesha.