Kisamvu cha kwa Baba Hamisi

Namshukuru Mungu kwamba nimeishi hadi kuyacheka haya. Biashara ya korosho ilikuwa imeachiwa watu binafsi, na kila mfanyabiashara aliyepanda Newala kununua korosho alileta mbegu za kisasa. Kwa hiyo nilipoona majani ya vidole vidole nyuma ya nyumba ya jirani yangu Baba Hamisi, macho yangu ya kizee yaliona muhogo mpya. Kwetu kisamvu cha jirani huchumwa tu. Mke wangu alikitwanga, akakiunga kwa karanga. Kilinukia ndimu na kuacha uchungu wa utomvu kooni. Nikaongeza sahani.

Alasiri, kama sheikh wa mtaa, nilimwozesha binti wa huyo huyo Baba Hamisi, uani kwake. Ulimi ulikauka, na mkeka ulionekana mrefu kama barabara ya kwenda Masasi. Nilimuuliza bwana harusi jina lake mara tatu. Kisha nikamuuliza Baba Hamisi kama amekubali kuolewa, nikacheka peke yangu.

"Sheikh, unaumwa?" aliuliza mjumbe wa nyumba kumi.

"Hapana, mwanangu. Nimeshiba kisamvu cha humu. Muhogo wake mpya mtamu, kachumeni."

Baba Hamisi akainamisha kichwa. "Sheikh, mimi sina muhogo."

Mjumbe alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi na tawi. "Hii ni bangi. Tena mbegu chotara, inachekesha kwanza, halafu inalaza."

Nikamuuliza, kwa nia njema kabisa, "Umeyajuaje yote hayo, mwanangu?"

Mjumbe alilitazama lile tawi, akalitupa nyuma ya ua.

"Sheikh," alisema, "endelea kuozesha."