Mkuu wa Usalama na Mruko wa Mkewe

Ukitaka kumjua Baba Pacha, mtazame akishuka ngazi. Mkono mmoja umeng'ang'ania reli, mwingine umenyooshwa mbele kama anatafuta swichi gizani, na akifika chini hushusha pumzi ndefu. Nyumbani kwake ngazi zenyewe ni tatu. Wanawe pacha walipokuwa wadogo walikatazwa kukimbia, kupanda kitu chochote kinachozidi godoro, na kunywa maji huku wamesimama. Mtu wa namna hii kwa kawaida huishia kuuza bima. Huyu, kwa mipango ya Mungu ambayo hapa si mahali pa kuihoji, aliishia kuwa mkuu wa usalama katika uwanja wa baiskeli za mlimani, mahali ambapo watu wazima wenye kazi zao na akili zao timamu hulipa kiingilio ili waruke mashimo.

Na fundi aliyejenga miruko hiyo alikuwa mkewe.

Mama Pacha alianzia kwenye ujenzi wa barabara, akimwaga udongo na kuushindilia, mpaka siku alipoombwa atengeneze tuta moja dogo kwa ajili ya vijana wa baiskeli. Alilitengeneza, akaazima baiskeli ili alijaribu, na tangu hapo barabara ikamtoka moyoni. Sasa alikuwa na katapila ndogo ya uwanja, sepetu anayoijua mwenyewe, na mazungumzo ya aina moja. Jioni, akila, alieleza jinsi mdomo wa mruko, pale baiskeli inapoachana na ardhi, unavyopaswa kukunjwa, urefu wa pengo la katikati, na mwinuko wa upande wa kutua. Baba Pacha aliitikia "ehee" na "kabisa" katika nafasi zinazostahili, huku jicho lake liko kwenye jiko kuhakikisha limezimwa.

Kazini alijilinda kwa vibao. Kulikuwa na kibao kinachosema mbele kuna mteremko, na huo ni mlima. Kulikuwa na kibao kinachowakumbusha waendeshaji kwamba baiskeli ina magurudumu mawili. Mmoja wao aliwahi kuvunjika mfupa wa bega kwa kugonga kibao cha ANGALIA MBELE, na baada ya kikao kirefu Baba Pacha aliamua kiwekwe kibao kingine, hatua chache kabla ya hicho, kuonya kwamba mbele kuna kibao. Helmeti ilikuwa lazima kwa kila anayepita getini, awe mwendeshaji, mgeni au muuza karanga. Tukubaliane kwamba hakuna karanga iliyowahi kuuzwa kwa usalama namna ile.

Lakini mambo mawili uwanjani hayakuwa ya vibao, na hayo yaliheshimiwa kama amri. La kwanza, mruko mpya huanza kurukwa na aliyeujenga. Hakuna wa kuujaribu isipokuwa fundi mwenyewe. La pili, mkuu wa usalama husimama pembeni ya mdomo wa mruko akiwa na bendera mbili. Kijani, pita. Nyekundu, breki, papo hapo, bila kubishana. Ila anayenyanyua nyekundu lazima achukue kipaza sauti, atamke sababu mbele ya wote, ili kila mmoja ajifunze. Baba Pacha aliipenda sana desturi hiyo. Alikuwa akitangaza makosa ya watu kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari.

Kisha Mkurugenzi akataka mruko mkubwa. Mkurugenzi alikuwa mtu wa matangazo. Baiskeli hakuijua, ila alijua watu wanapenda kutishwa. Mruko ulipokuwa ungali rundo la udongo, yeye alikwisha kuupa jina: Kwaheri Mama. Akachapisha mabango yenye fuvu la kichwa. Baba Pacha alilalamika, na kwa heshima ya ofisi yake chini ya fuvu yakaongezwa maneno USALAMA WAKO NDIO FURAHA YETU.

Pengo la Kwaheri Mama lilikuwa na upana wa kuingiza lori, na kina cha kulificha. Kila Baba Pacha akilitazama, alitafuta kitu cha kushika.

"Si mngelijaza tu hilo pengo?" alimuuliza mkewe.

"Nikilijaza, Baba Pacha, itakuwa barabara."

"Barabara nayo ina faida zake."

"Nimeshazijenga. Hakuna anayelipa kiingilio."

"Kanuni zinataka tujiridhishe."

"Mimi nimejiridhisha. Nimeteremka ile njia nikapitia pembeni, nikapima kasi mpaka nimechoka. Wewe bado nini?"

Baba Pacha alisema atalipeleka jambo hilo kwenye kikao. Katika kikao walikubaliana juu ya rangi ya mahema.

Siku ya uzinduzi, asubuhi, Mama Pacha alikagua njia yake toka juu hadi chini, akaondoa vijiwe, akashindilia palipolegea, kisha akaenda kuvaa kinga zake. Wageni walikuwa bado kufika. Baba Pacha alibaki peke yake kwenye kona iliyo juu ya mruko, chini ya miti. Mama wa wanawe alikuwa anakwenda kuruka juu ya shimo mbele ya hema la vinywaji. Na pale konani, pembeni yake, zimepangwa vizuri kwa maagizo yake mwenyewe, zilikuwepo ndoo nyekundu za mchanga wa kuzimia moto.

Alipiga moyo konde. Alimwaga ndoo ya kwanza pale konani, akatandaza kwa kiatu. Akamwaga ya pili. Mchanga ulikaa vizuri kivulini, hauonekani. Apunguze kidogo tu, alijiambia. Kasi ndiyo inayoua. Hata mabango ya barabarani yanasema. Akazirudisha ndoo mahali pake, akajifuta mikono, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akajisikia njaa. Alikula maandazi mawili huku amevaa helmeti.

Wageni walikuja, wakapewa helmeti. Mgeni rasmi alikaa kwenye kochi, kamba imemkaza kidevuni, akisalimia kwa shida. Mkurugenzi alihutubia kuhusu usalama mpaka watu wawili wakasinzia, halafu akamwita fundi aeleze kazi yake kwa ufupi.

Mama Pacha alishika kipaza sauti kana kwamba ni sepetu.

"Wengi wanadhani hatari hapa ni kwenda mbio," alisema. "Sivyo. Ukizidisha mbio, utatua mbele zaidi kwenye ule mteremko. Utatikisika, lakini utarudi nyumbani na meno yako. Hatari ni kupungukiwa. Ukifika pale mdomoni na kasi pungufu hata kidogo, hufiki ng'ambo. Utaugonga ule ukingo kwa kifua. Ndiyo maana sipendi chochote kinipunguze kule juu."

Watu wakapiga makofi. Baba Pacha, pembeni ya mdomo wa mruko na bendera zake, alizikumbuka zile ndoo mbili. Maneno yale hayakuwa mageni. Alikuwa ameyasikia mezani kwake mwaka mzima, kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Alipogeuka amwite, mkewe alikuwa ameshachukuliwa na gari hadi juu. Alionekana mdogo kule mlimani, amekaa kwenye baiskeli. Akainua mkono, kwamba yuko tayari. Umati ukaanza kuhesabu kwa pamoja kurudi nyuma.

Baba Pacha alinyanyua bendera nyekundu. Aliinyanyua kwa mikono miwili.

Kelele zikakatika. Mama Pacha alishusha mguu chini, akasimama. Hema zima likamgeukia mkuu wa usalama, na Mkurugenzi mwenyewe akamletea kipaza sauti, akitabasamu kwa meno yaliyobanwa.

"Sababu," alinong'ona. "Iwe nzuri."

"Upepo!" alitangaza Baba Pacha.

Watu wote wakatazama bendera za wafadhili. Zilikuwa zimelala juu ya milingoti kama nguo zilizosahauliwa kambani. Mgeni rasmi akalowesha kidole, akakiinua, akatikisa helmeti.

Baba Pacha akatamani ardhi ipasuke. Angeweza kuendelea na upepo wake, akasubiri kidogo, akasema umetulia. Lakini mchanga ungekuwa palepale, na mkewe angeshuka.

"Si upepo," alisema, na kipaza sauti kikaipeleka sauti yake hadi kwenye maegesho. "Kuna mchanga kwenye ile kona. Nimeumwaga mimi."

Kicheko kilianzia kwa waendeshaji, kikapita kwenye mahema, kikamfikia muuza karanga. Mkuu wa usalama ametega njia! Mkurugenzi alimtazama jinsi mtu anavyomtazama mbwa aliyeingia msikitini. Baba Pacha hakungoja la kuambiwa. Alichukua ufagio akaupanda mlima kwa miguu.

Alipofika kwenye kona, mkewe alikuwa amekwisha kushuka hadi pale akikokota baiskeli. Alikuwa amechuchumaa, anauchota ule mchanga kiganjani.

"Ulitaka kuniua, Baba Pacha?"

"Nilitaka upunguze."

"Nimekwambia mara ngapi kuhusu kupunguza?"

"Sikuwa nasikiliza." Alianza kufagia, maana ilikuwa rahisi kuliko kumtazama. "Ukitaja pengo tu, mama, nakuona umelala chini. Maneno mengine hayaingii. Naogopa. Naogopa mpaka chakula hakipiti."

Mama Pacha aliumwaga mchanga wa kiganjani. Hasira ilikuwa bado usoni, lakini ilikuwa imeanza kukosa pa kukaa.

"Na hilo ungeniambia nyumbani, ungepungukiwa nini?"

"Mkuu wa usalama anasemaje kwamba anaogopa?"

"Anasema, 'Mke wangu, naogopa.' Fagia na kule pembeni."

Walifagia wote wawili, yeye kwa ufagio, mkewe kwa tawi, kisha Mama Pacha akapita mara kadhaa na baiskeli mpaka udongo ukarudi kuwa mgumu. Chini kule Mkurugenzi alikuwa ameanza kuhutubia upya.

"Sikiliza sasa, na leo usikilize kweli," Mama Pacha alimwambia. "Unaona ule mti mweupe nilioupigilia ardhini kule chini, kabla ya mdomo? Nikifika pale nimeacha kukanyaga pedali, kasi imetosha. Ukiona bado nakanyaga, haitoshi, nisimamishe. Hakuna jingine la kutazama. Umenielewa?"

"Mti mweupe. Kukanyaga, nyekundu. Kuacha, kijani."

"Nenda."

Baba Pacha alirudi mahali pake. Waendeshaji walimpisha wakijikohoza. Mara hii hakuna aliyehesabu. Kutoka chini ya miti Mama Pacha alichomoka akiwa ameinama, vumbi linamfuata, na kona ile akaipita kama haipo. Baba Pacha alikodolea macho mti mweupe. Miguu ya mkewe ilitulia kabla hajaufikia.

Kasi ilitosha. Na hapo ndipo mkono wake wa nyekundu ulipoanza kupanda wenyewe. Nani angebisha? Angesema ameona jiwe. Angesema lolote, mkewe angesimama, wangerudi nyumbani wakiwa wazima, na hakuna mtu katika mlima ule angeweza kumwambia amekosea, isipokuwa mmoja.

Akanyanyua kijani.

Yafaa nikwambie jambo ambalo mkuu huyu hakuliandika katika taarifa yoyote. Miaka yote aliyosimama kwenye midomo ya miruko, kila mkewe alipopita Baba Pacha alikuwa akifumba macho, akayafumbua baada ya kusikia matairi yamegusa chini. Mara hii aliyaacha wazi, kwa sababu ya ule mti. Kwa hiyo aliona. Baiskeli ilipaa, ikakaa juu kuliko alivyowahi kuota katika ndoto zake mbaya, na mkewe, katikati ya pengo, alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka kwa mdomo wazi, kama binti, kama siku ile aliyokubali kuolewa naye. Kisha matairi yakashika mteremko wa ng'ambo, akatoweka chini kwenye vumbi na vigelegele, na Mkurugenzi akakimbilia kipaza sauti kuishukuru kamati ya usalama.

Mama Pacha alirudi akisukuma baiskeli, uso umejaa udongo.

"Umeona?"

"Nimeona. Kumbe huwa unacheka."

"Kila mara," alisema Mama Pacha. "Nilidhani unaniona."