Siku Mdakaji Alipoinuka

Kazi yangu ni kuwapa watu wa katuni maneno ya kusema. Msicheke, ni kazi. Mchoraji akimaliza picha zake na mtunzi akileta karatasi yake ya maneno, vyote vinatua mezani kwangu, nami nayaandika kwa mkono ndani ya yale maputo meupe: huyu kasema hivi, yule kajibu vile. Mwaka wa kumi na moja huu. Wasomaji wanamjua mchoraji, wanamjua mtunzi. Mimi hata mlinzi wa getini bado huniuliza nimekuja kumwona nani.

Shujaa wetu aliitwa Mdakaji. Mtu akianguka popote, darajani au ghorofani, Mdakaji anatokea na kumdaka. Basi, hana jingine analolijua, hata kusalimia wasichana kunamshinda. Kaka yangu mkubwa alimpenda kupita kiasi, maana yeye alikuwa fundi wa kujenga maghorofa. "Huyu angekuja saiti kwetu," alikuwa akisema, "asingepata hata nafasi ya kula."

Mwaka jana kaka akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Hakutokea mtu. Mgongo ukaumia, miguu ikafa ganzi, nikamleta kwangu nikampa chumba changu. Hospitali ilitupa kiti cha magurudumu, akakataa katakata kukikalia, kikageuka kabati la taulo na makoti. Mama wa mazoezi, yule anayekuja kumnyoosha viungo, akaniambia bila kuzunguka: akiendelea kulala hivi, hata kukaa kutamshinda.

Sasa ona balaa. Miezi minne baadaye, mtunzi naye akamwangusha Mdakaji. Habari za kaka hakuzijua, alikuwa ameishiwa visa tu. Shujaa akateleza juu ya paa, akaanguka, akalazwa, miguu haisikii kitu. Maneno ya daktari wake niliyaandika mimi. Nilimpelekea kaka nakala nikihofia itamuumiza, lakini akaisoma mpaka mwisho, akarudia.

"Mdogo wangu," akasema, "huyu akiinuka, na mimi unikalishe kwenye hilo kabati lako."

Alikuwa anatania, ila alinipa mkono, na kaka hatoi mkono bure.

Matoleo matatu tukangoja. Mdakaji yuko kitandani, anagombana na nesi, anaficha dawa chini ya godoro. Nikiwa jikoni nilimsikia kaka anacheka peke yake, kicheko ambacho nilikuwa nimekwisha kukisahau.

Kisha mhariri akatuita akatuambia jarida letu la katuni linafungwa. Toleo lijalo ndilo la mwisho, mtunzi amalize hadithi kwa ukurasa mmoja. Mtunzi akaumaliza kabla chai yake haijapoa. Mchoraji akaleta picha nne: Mdakaji anafumbua macho, anashusha miguu, anasimama, anafungua dirisha. Kuziona tu nikataka kupiga kigelegele palepale ofisini. Halafu nikasoma karatasi ya maneno. "Kumbe nilikuwa naota! Mimi kudaka watu? Wala sijawahi kuanguka. Ngoja niwahi kazini."

"Ndio mwisho huu?" nikamuuliza mtunzi.

"Ndio huo."

"Lakini picha zinaonyesha kainuka. Si umwache ainuke? Ni maneno mawili matatu tu."

"Dada, andika ulichopewa. Kwani nani atasoma?"

Ningeweza kuandika ya kwangu. Mhariri alikuwa ameacha kukagua, mchoraji yuko mjini anatafuta kazi nyingine, na kalamu ninayo mimi. Nikakaa nayo sijui muda gani. Nasema kweli, sikusikia chochote ndani yangu, si hasira, si huruma. Nimezoea kuandika ninachopewa, na mkono ukaenda wenyewe. Mwandiko ukatoka safi, tena mzuri.

Kaka aliisoma akiwa chali, jarida juu ya uso. Alipofika mwisho akafunua ukurasa unaofuata kuona kama pana zaidi. Palikuwa na tangazo la rangi za nyumba.

"Kwa hiyo hakuanguka?"

"Hakuanguka, kaka."

"Basi nilianguka mimi peke yangu."

Nikaanza kujitetea. Nikasema nilimwomba mtunzi, mtunzi hakusikia, na mimi ni wa kuandika tu, ningefanyaje? Kaka hakukasirika. Afadhali angenitukana. Aliweka kidole juu ya puto la mwisho.

"Haya kaandika nani?"

"Mimi."

"Najua. Mwandiko wako naujua tangu shule." Akanirudishia jarida. "Ungemwinua, mdogo wangu."

Akageuza uso ukutani, nikajua kile kiti hatakikalia tena. Nje, mama wa mazoezi alikuwa anapiga hodi. Nikaenda mlangoni nikamwambia asiingie leo, wala wiki ijayo asijisumbue.