Mkwe Mwenye Tangi la Kileo

Swabir Chirau wa Munje hajawahi kuonja kileo. Hata dawa ya kikohozi huisoma kibandiko chake kabla ya kuinywa. Ndiyo maana watu walishangaa kusikia kwamba anakaribia kukosa mke kwa sababu ya pombe.

Kazi yake ilikuwa bodaboda, kituo cha Msambweni. Aliendesha taratibu mno, jambo lililowaudhi vijana na kuwafurahisha wajawazito waendao kliniki. Posa yake kwa Husna, anayeuza katika duka la dawa, ilikuwa imekwisha kupokelewa. Baba yake Husna ni Mzee Abdulwahab, mhazini wa msikiti na mwenye pikapu ya dizeli ya kubebea nazi, ambayo ikipanda mlima kijiji kizima hufunga madirisha. Kilichosalia kilikuwa kutaja siku ya nikaha.

Hapo ndipo mustakabali wa dunia ulipofika Diani. Ulifikia hotelini, kama ilivyo desturi yake.

Kulikuwa na mradi wa kujaribu pikipiki zinazotumia ethanoli, yaani spiriti inayotokana na molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa kwenye miwa. Wataalamu walikuja kwa ndege kuzungumzia namna ya kupunguza moshi. Ukumbi ulipozwa hadi wageni wakavaa sweta. Afisa wa mradi, Hannah, binti wa bara mwenye bidii, alieleza kwamba muwa ukikua hunyonya hewa chafu, ukigeuzwa mafuta huirudisha, kisha muwa mwingine huinyonya tena, na mzunguko huo hauna mwisho. Ndiyo maana yakaitwa mafuta endelevu. Mtu mmoja wa nyuma akauliza mradi wenyewe utaendelea kwa muda gani. Akajibiwa, mwaka mmoja.

Swabir alikabidhi pikipiki yake kuukuu, akapewa mpya, pamoja na fulana iliyoandikwa kifuani NAENDESHWA NA MIWA. Akapigwa picha akicheka. Picha ikaingia katika kundi la WhatsApp la msikiti kabla yeye hajafika Ukunda.

Kesho yake Mzee Abdulwahab alikuja kituoni kwa miguu.

"Shikamoo, ami," Swabir akasema.

"Marahaba. Humu ndani mna nini?"

"Ethanoli, ami."

"Kwa Kiswahili."

Tsofa, mwenzake wa kituoni, mtu wa Kinango asiyependa kuona mtu akitaabika kutafuta neno, akamsaidia: "Ni chang'aa, mzee. Ila hii imekwenda shule."

Mzee aliinama akalinusa bomba la moshi kama anayenusa samaki wa juzi. Akainuka. "Binti yangu hapandi juu ya tangi la ulevi. Chombo hiki kitoke kabla ya Ramadhani. Kisipotoka, posa nitairudisha."

Alipoondoka Tsofa akasema, "Bwana harusi, usiwe na huzuni. Sisi wengine hukataliwa kwa kunywa. Wewe umekataliwa kwa kunywesha."

Swabir alitaka kuirudisha pikipiki mpya siku hiyo hiyo, lakini ile kuukuu ilikuwa imekwisha kukatwakatwa kuwa chuma chakavu, ili isiendelee kuchafua hewa. Hannah alijitolea kwenda Munje kumtuliza mzee.

"Mzee, hii hakuna mtu anaweza kunywa," alimwambia. "Tumeweka kitu chungu sana ndani."

"Na mmejuaje kuwa ni chungu?"

Hannah aliitazama simu yake, ikaonekana ana mkutano mwingine.

Imamu naye aliulizwa. Alijibu kwamba kilichokatazwa ni kulewa, na pikipiki, kwa kadiri ya elimu yake, haijabaleghe. Mzee Abdulwahab alisema imamu bado ni kijana.

Akabaki Husna.

"Baba, wakati wa korona si wewe uliyesimama mlangoni mwa msikiti ukiwatia watu spiriti mikononi?"

"Ile ilikuwa dharura."

"Na hawa wanasema hali ya hewa ni dharura."

"Hiyo ni dharura ya hotelini."

Miezi ikapita. Miwa ya Ramisi ilionekana wazi kutoka barabarani, lakini molasi yake ilikuwa na mnunuzi mwingine, hivyo ethanoli ililetwa kutoka magharibi mwa nchi kwa lori la dizeli. Lori hilo lilikata karibu nchi nzima likifuka moshi, ili Swabir aweze kutoka Msambweni hadi Munje bila kuuchafua upepo. Kisha mvua zikagoma, miwa ikakonda, na mafuta endelevu yakaacha kuja. Mradi ukafungwa mapema, hotelini, na ripoti ikasema umefaulu.

Ramadhani ilikuwa bado. Swabir aliikokota pikipiki hadi uani kwa mzee, uso umemng'aa.

"Ami, yamekwisha. Hayaji tena."

"Alhamdulillahi! Basi sasa unatia petroli."

"Imekataa, ami. Kabureta waliibadilisha. Ukiitia petroli inakohoa, halafu inazima."

"Kwa hivyo huna kazi."

"Kwa sasa, ami."

"Mimi simwozi binti yangu mtu asiye na kazi."

Mchana huo Husna akampigia simu. "Nenda Ramisi. Wanatafuta wakata miwa."

"Husna, mnunuzi wa molasi ya Ramisi mwaka huu ni hao hao waliokuwa wakituletea ethanoli. Wanaigeuza mafuta ya magari ya Nairobi."

"Baba hajui molasi. Anajua sukari ya chai."

"Nimfiche?"

"Akikuuliza, mjibu. Asipokuuliza, kata miwa."

Akaenda. Huko shamba huchomwa moto kwanza, majani yaishe, ndipo watu waingie na mapanga. Mtu aliyemaliza karibu mwaka mzima akitoa moshi safi kuliko wote wa kusini mwa pwani sasa alitoka kazini mweusi kama sufuria ya harusi. Shaaban ilikuwa ikielekea ukingoni, Ramadhani iko mlangoni, Mzee Abdulwahab alipopita na nazi zake, akasimamisha pikapu, akateremka.

Alimtazama kuanzia masizi ya kichwani hadi miguuni. "Hii ndiyo kazi," akasema. "Jasho. Sukari ya watu."

Swabir angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemuuliza. "Sukari, ami," akasema, "na molasi."

"Molasi ni chakula cha ng'ombe."

"Nyingine, ami. Nyingine inakwenda..."

"Swabir." Mzee aligeuka akaliangalia lori lililojaa miwa kando ya shamba, akaliangalia kwa muda, kama mtu aliyekwisha kumsikia mke wake, binti yake na imamu wake juu ya jambo moja tangu mwaka jana. "Nimesema ni ya ng'ombe."

"Ndiyo, ami."

"Nikaha Ijumaa. Uoge."