Chupa ya Shufaa Katika Friji ya Baa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sokoni Zombe, Shufaa Othman anavuta buibui lake usoni, kisha anaingia baa kwa mlango wa nyuma.

"Mama, baridi ama moto?" anamtania Nzuki, mwenye baa, akisukuma kreti kando.

"Baridi. Na usiitikise."

Nzuki anafungua friji ya mafuta ya taa, ya pekee sokoni hapa, na kutoa kichupa cha insulini nyuma ya soda. Shufaa anajidunga sindano stoo, anarudisha kichupa.

"Umelala vizuri?" Nzuki anamuuliza.

"Nimelala."

Mjane huyu wa miaka hamsini na sita ni fundi wa cherehani. Kisukari kilimpata mwaka 1977. Kwa miaka tisa vidonge vilitosha. Halafu, mwaka juzi, akaanza kukonda, kiu haikatiki, macho hayaoni tundu la sindano.

Daktari mmoja mjini Kitui alimweleza kwamba mwanzoni insulini haikukosekana mwilini mwake; ni misuli na ini vilivyokataa kuitii. Kongosho, linaloitengeneza, likaongeza kazi mwaka baada ya mwaka, hadi likachoka. Sasa ana yote mawili: mwili unaokataa insulini, na insulini yenyewe haba.

Shufaa alielewa kifundi. "Ukishona turubai, linakataa sindano. Unakanyaga, unazidi kukanyaga, mwisho mkanda unalegea. Na turubai bado ni gumu vilevile."

Insulini ilimrudishia macho, ikamwondolea watu. Waliomwona akitoka baa hawakuuliza alifuata nini. Kila Idi alishona magauni arobaini. Idi iliyopita, matatu. Mwanamisi, rafiki yake wa miaka ishirini, alikuja kuchukua kitambaa chake kikiwa kimeshakatwa.

"Aliniambia, 'Dada, ni dawa gani hiyo inayokaa na pombe?' Nikamwambia njoo uone. Hakuja."

Kwa aibu, Shufaa aliacha sindano mwezi mzima. Alilazwa siku tisa. Aliyemtembelea ni Nzuki peke yake, na uji usio na sukari.

Sasa amefukia mtungi mchangani chumbani mwake, na kila jioni anaumwagilia mchanga maji. Muuguzi ameahidi kuleta kipimajoto. Mtungi ukipoa vya kutosha, chupa itahamia nyumbani. Huenda Mwanamisi akarudi kabla ya Idi.

"Vipimo vyake bado ninavyo kichwani," anasema.

Na baa?

Shufaa anainamia cherehani. "Bado nitapita pale mlangoni. Asubuhi nzima, ni Nzuki peke yake anayeniuliza kama nimelala vizuri."