Pikapu Mbili na Sauti ya Mwalimu

Jumatatu ya tarehe 16 Aprili 2007, mwanamke mmoja mwenye umri wa miaka ishirini na mbili aliajiriwa katika kiwanda cha mikate, kitengo cha kukanda unga, na hajahamishwa tangu siku hiyo. Wasimamizi wamekuja na kuondoka, tanuri la mafuta limeng'olewa likawekwa la gesi, na yeye yupo palepale, kando ya mashine yenye beseni la chuma ambalo mtu mzima angeweza kuogea. Watoto wa kaka yake humwita Shangazi. Mtaa mzima umelidaka jina hilo, wakiwemo watu wanaomzidi umri.

Mashine hiyo ikizunguka tupu hutoa sauti nyembamba ya kuudhi. Ikitiwa unga na maji, donge likaanza kushikana, mota huelemewa kidogo na sauti hushuka, ikawa pana, ya kutoka tumboni. Shangazi anasema alifanya kazi pale karibu mwaka kabla ya kugundua kwamba kila asubuhi alikuwa akiisubiri sauti ile ya pili. Siku dereva wa gari la mikate alipofungulia roki nzito kwenye simu yake, wenzake waliziba masikio. Yeye aliuliza kinachonguruma ni kitu gani.

“Gitaa,” dereva akamwambia.

“Gitaa nalijua. Nauliza hicho kingine.”

Hakikuwepo kingine. Baada ya hapo alilitafuta gitaa la umeme kama mtu anavyotafuta nyumba ya kupanga, kwa kuuliza kila anayemjua, hadi akalipata kwa mwanamuziki wa bendi ya hoteli iliyokuwa imevunjika. Ni gitaa jekundu, zuri kulitazama, lililozoea nyimbo za taratibu ambazo watu huzicheza wakiwa wameshikana viuno. Kwa miaka kadhaa Shangazi alilazimisha ngurumo itoke humo, akaambulia sauti ya nyuki kwenye kopo. Kosa halikuwa la mikono peke yake. Lilikuwa pia la pikapu.

Pikapu hapa si gari. Ni kipande kifupi chenye sumaku na waya mwembamba kuliko unywele, uliozungushwa maelfu ya mara. Hukaa chini ya nyuzi za gitaa, kikaudaka mtikisiko wake na kuupeleka kwenye amplifaya ukiwa umeme. Kikiwa dhaifu, amplifaya hupokea kidogo na kuzungumza kwa adabu. Kikiwa kikali, amplifaya husukumwa hadi ikaanza kukwaruza na kunguruma. Mpigaji wa roki nzito huitafuta pikapu ya namna hii ya pili.

Bendi ya Shangazi ni ya kindugu kwa kiasi kikubwa. Kaka yake, fundi bomba, hupiga dramu. Jirani yao, fundi viatu asiyependa maneno, hupiga besi. Mwimbaji ni mke wa kaka, mwalimu wa darasa la pili, ambaye hata mumewe humwita Mwalimu. Mawifi hawa wawili wameimba na kupiga pamoja kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo wamenuniana mara nyingi kuliko walivyopanda jukwaani, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kukosa mazoezi kwa sababu ya mwenzake.

Mwaka jana Mwalimu alipoteza sauti. Ilianza kama mafua, ikakaa. Daktari wa koo alikuta vinundu kwenye nyuzi zake za sauti, matokeo ya miaka mingi ya kuwapazia sauti watoto darasani na kuipazia sauti amplifaya jioni. Aliamriwa kunyamaza kabisa kwa muda, akawa anaongea na familia kwa kuandika kwenye kibao cha watoto. Kaka alitangaza kwamba ndoa yao haijawahi kuwa na amani namna ile. Mwalimu akaandika, “Furahi upesi, nitapona,” akakiweka kibao kile mezani mbele ya wageni.

Alipona, kwa masharti. Anaruhusiwa kufundisha na kuimba, ila asiilazimishe sauti. Vinundu vikirudi, daktari alimwambia wazi, uimbaji utakuwa umekwisha na huenda darasa nalo likafuata.

Ndipo chuo cha ufundi cha jirani kilipowaalika kupiga kwenye sherehe ya wahitimu, na Shangazi akakata shauri kwamba hatapanda jukwaa lile na nyuki wake kwenye kopo.

Anayeuza pikapu ni kijana mmoja mwenye kibanda cha kutengeneza redio, mlango wake umezungukwa na spika zilizotobolewa. Alimwekea Shangazi pikapu mbili juu ya meza. Moja nyeusi tupu, nyingine yenye mistari miwili ya chuma kama reli. Zote zingeingia kwenye tundu la gitaa lake bila kukata mbao.

“Ipi ina nguvu?”

“Zote zina nguvu, Shangazi.”

“Sijaja kuposa, usinisifie zote. Ipi inazidi?”

Fundi alichukua mita yake ya umeme akazipima. Ile nyeusi ilisoma kumi na sita na ushee. Ya reli haikufika kumi.

“Nipe nyeusi.”

“Subiri kwanza. Hivi si viazi ukanunua kwa mzani. Mita inakwambia waya ni mwingi kiasi gani, haikwambii utasikiaje. Sumaku zao ni za aina moja, kali zote. Sasa waya ukiwa mwingi unapata nguvu na unene, pale katikati ya sauti. Ukiwa mchache unapata makali, na kila uzi unasikika kivyake.”

“Unene ndio nilioufuata.”

“Unene wa kupiga peke yako chumbani, au na wenzako?”

Shangazi aliziinua zote mbili, moja kila mkono. Fundi, ambaye ameshazoea wateja wasioamua haraka, alimfungia zote mbili kwenye gazeti na kumwambia arudishe moja Jumatatu.

Bendi hufanyia mazoezi kwenye stoo ya kaka, nyuma ya karakana yake. Ukutani kuna mablanketi. Kwenye kona yamesimamishwa mabomba ya plastiki ya kila ukubwa, na besi ikipigwa chini kabisa, mabomba manene huitikia. Jumapili asubuhi Shangazi alikaa juu ya mfuko wa saruji, akalegeza nyuzi, akaiyeyusha risasi iliyoshika waya za pikapu ya zamani na kuiunga nyeusi mahali pake. Alipochomeka waya kwenye amplifaya na kupiga pigo la kwanza, mabomba yote yaliitikia, hata yale membamba.

Kaka aliacha kufunga dramu zake. Fundi viatu alitabasamu, jambo ambalo si la kila wiki.

“Hapo sasa,” kaka akasema. “Hapo umeua mtu.”

Ilikuwa sauti aliyoifuata tangu siku ya simu ya dereva. Alipiga wimbo mzima macho yakiwa yamefumbwa, vidole vikiteleza kutoka nafasi moja hadi nyingine, na kila alipogusa palijaa. Mwalimu aliingia wimbo wa pili ukianza, akashika maikrofoni, akaimba ubeti mmoja. Mdomo wake ulionekana ukienda. Alivuta pumzi, akaimba ubeti wa pili kwa nguvu zaidi, mshipa wa shingo ukasimama. Katikati ya mstari akajinyamazisha, akaweka kiganja kooni.

Wengine nao wakanyamaza, mmoja baada ya mwingine.

“Nyanyua sauti ya maikrofoni yake,” Shangazi alimwambia kaka.

Kaka alinyanyua. Maikrofoni ikapiga mluzi uliowafanya wote wakunje shingo. Akaishusha.

“Labda,” kaka akasema, akichagua maneno kama mtu anayekanyaga sakafu yenye maji, “labda aimbe kiitikio tu. Beti tuziache, gitaa lizijaze.”

“Mnanipangia likizo?” Mwalimu aliuliza. “Nani kaiomba?”

“Sijasema likizo, mama watoto.”

“Umesema nikae nisubiri kiitikio kama abiria.”

Shangazi alikuwa akizifuta nyuzi za gitaa. Baadaye alikiri kwamba wakati ule aliwaza bendi isiyo na mwimbaji, akaiona inawezekana, na wazo hilo halikumtisha kwa haraka kama lilivyopaswa kumtisha. Aliyelikatiza ni wifi yake mwenyewe.

“Wifi, umesema ziko mbili. Ya pili iko wapi?”

“Mfukoni. Ni dhaifu kwa hii.”

“Dhaifu kwa nani? Tuzipime. Mimi nitasoma, sitaimba. Nitasoma kwa sauti ninayomsomea mtoto wa dawati la mbele, bila maikrofoni, nikiwa hapa karibu na amplifaya. Wewe piga tu gitaa. Mume wangu akae mlangoni arudie nilichosoma. Akishindwa, na mimi nimeshindwa.”

Cha kusoma hakikuwepo isipokuwa maelezo kwenye mfuko wa gundi ya vigae. Mwalimu alisimama wima, mfuko miguuni, akasoma. Shangazi akapiga na pikapu nyeusi, kwa kiasi kilekile cha awali. Kaka alitega sikio akiwa mlangoni, akatikisa kichwa.

“Nimeona midomo tu.”

Nyuzi zikalegezwa tena, risasi ikayeyushwa tena. Kazi hiyo haina haraka, na hakuna aliyeongea sana ilipokuwa ikiendelea, ila kaka aliyemuuliza fundi viatu kama anasikia njaa, na fundi viatu akasema ndiyo. Pikapu ya reli ilipokaa, Shangazi alipiga pigo moja na uso wake ukashuka. Ukali ulikuwepo, tena wa kutosha kukata. Unene ule haukuwepo. Ilikuwa kama kuvuliwa koti mlangoni.

“Endelea kupiga,” Mwalimu akamwambia, akaanza kusoma.

“Uso uwe safi, usio na vumbi wala mafuta,” kaka alirudia kutoka mlangoni. “Changanya na maji safi. Usitumie baada ya kuanza kukauka.” Akaongeza, “Na huo mfuko ulianza kukauka tangu mwezi uliopita.”

Mwalimu hakucheka. Alimgeukia Shangazi.

“Umeipenda?”

“Umesikika.”

“Sikuuliza hilo.”

Shangazi aliliangalia gitaa. “Ile nyeusi naipenda zaidi.”

“Haya. Basi usichukue hii kwa kunihurumia. Mimi si mgonjwa wako, wifi. Ukiichukua kwa huruma utanikumbusha kila tukinuniana, nakujua.”

“Na wewe ukiimba na ile nyeusi utarudi kwenye kibao.”

“Ndiyo maana nimeuliza. Tupige wote, halafu useme.”

Walipiga wote. Dramu zilipoingia na besi ikakaa chini, koti lililokosekana lilionekana kuwa mikononi mwa fundi viatu muda wote. Unene ulikuwa wake, ila gitaa lenye pikapu nyeusi lilikuwa limemfunika. Sasa kila pigo la Shangazi lilisimama peke yake, kama misumari inayopigiliwa kwa mpangilio, na sauti ya Mwalimu ikapita katikati ya misumari bila kuguswa. Aliimba beti zote tatu na mshipa wa shingo haukuonekana.

Lakini kitu kingine pia kilisikika. Kwenye kipande cha kasi kabla ya kiitikio cha mwisho, kidole kidogo cha Shangazi, ambacho hakijinyooshi vizuri tangu kilipobanwa na trei kiwandani, kilichelewa. Uzi mmoja ukalia usipotakiwa. Kwenye pikapu nyeusi hakuna ambaye angejua. Ndani ya ngurumo ile kila kitu kilikuwa kimoja. Wote walisikia, na aliyesikia zaidi ni mwenyewe.

“Huwa kinafanya hivyo?” kaka aliuliza.

“Sijui,” alisema. Kisha, “Nadhani huwa.”

“Miaka yote hiyo?”

“Kumbe wifi ulikuwa unajificha uvunguni,” Mwalimu akasema, na sasa alicheka, kwa sauti ndogo, kama alivyoelekezwa na daktari. Shangazi naye akacheka, ila si kwa muda mrefu. Aliomba warudie kipande kile. Kidole kikachelewa tena.

Mtu akiwa na pikapu mbili, moja inayomficha na nyingine inayomwanika, kuchagua ya pili kabla tu ya kupanda jukwaani si jambo dogo. Shangazi aliwaomba wampe muda. Alikwenda kukaa karakanani, kati ya sinki zisizouzwa, na Mwalimu akamfuata na vikombe viwili vya chai. Walichozungumza hakuna anayekieleza kikamilifu. Kaka, aliyekuwa anasikiliza bila kujificha sana, anasema waliongelea zaidi watoto. Waliporudi ndani Shangazi alikaza skrubu za pikapu ya reli, akaifunga ile nyeusi kwenye gazeti lake.

Jumatatu, akitoka zamu ya asubuhi na unga ukiwa bado kwenye nyusi, alipita kwenye kibanda cha spika.

“Moto umekushinda?” fundi alimuuliza, akiifungua nyeusi.

“Nina mtu wa kuimba.”

“Nilikwambia.”

“Hukuniambia kuhusu kidole.”

Fundi hakuelewa, na Shangazi hakumfafanulia. Tangu siku hiyo, kila jioni, hurudia kipande kilekile polepole, bila amplifaya, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Siku nyingine kidole hufika kwa wakati. Siku nyingine hakifiki.

Jumamosi saa kumi jioni bendi itapanda jukwaa la chuo cha ufundi ikiwa na nyimbo tano. Kipande cha kasi hakijaondolewa. Mwalimu ataimba nyimbo zote, na Jumanne inayofuata ataenda kwa daktari kupimwa koo.