Fundi wa boti aliyeziba matundu ya Land Rover

Saa mbili asubuhi, nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma mjini Kibiti, miguu miwili yenye kandambili imetokeza uvunguni mwa Land Rover ya mwaka 1964. Mwenye miguu hiyo anatoboa. Keekee ya umeme inalia, inanyamaza. Sauti ya mtu inasikika ikisema "Bismillahi," halafu keekee inalia tena.

Huyu ni Mwinyimvua Abdulatifu, miaka hamsini na minane, fundi wa boti za mbao, mzaliwa wa Kiongoroni huko deltani. Karibu miaka arobaini amekula kwa kuziba matundu. Leo anayatoboa kwa mkono wake mwenyewe, na mkono wenyewe hautaki.

"Hili la nne," anasema akijivuta nje, nyusi zimejaa unga wa kutu. "Yamebaki mawili. Nikimaliza nitakuwa nimejirudi."

Hajawahi kumiliki gari. Kuendesha hajui. Hii ndiyo Land Rover ya kwanza kuifufua, na ukimuuliza kama kutakuwa na ya pili anatikisa kichwa kabla hujamaliza swali.

Gari lilikuwa la marehemu Ladha, mwenye duka hapa Kibiti, aliyekuwa akizunguka vijijini kununua mpunga. Alipofariki, likabaki uani. Kuku wakataga ndani yake, mvua zikaja, jua likaja, miaka kumi na tisa. Mwaka juzi mjane wake, Bi. Nurjehan, akaamua kuhamia kwa mwanawe Dar es Salaam. Kiwanja kikapata mteja, na wanunuzi wa vyuma chakavu wakafika na mizani yao.

Habari zilimkuta Mwinyimvua akiwa Mbuchi, kwenye boti ya watu. Aliacha tezo na randa pale pale, akapanda bodaboda. Waliomwona akipita walidhani amefiwa.

"Na kweli nilikuwa nafiwa," anasema. "Nafiwa mara ya pili."

Bi. Nurjehan alimuuliza jambo moja tu, kama anajua magari. Akajibu ukweli, kwamba hajui. Yule mama akasema marehemu naye hakuwa anajua, alijua kulipeleka tu. Akawaambia watu wa mizani waende zao, gari akamwachia Mwinyimvua.

Ili kuelewa mbio zile, lazima turudi kwenye masika ya 1998, mwaka ambao watu wa huku wanauita mwaka wa Elinino. Mto Rufiji ulikuwa umemeza mashamba. Mke wa Mwinyimvua, Mwanaamina, alishikwa na uchungu wa mimba ya kwanza Kiongoroni, siku ya pili mtoto hajatoka. Wakampakia kwenye mtumbwi na mama yake mzazi, Bi. Hadija, wakapiga makasia mpaka bandari ndogo ya upande wa bara.

Pale wakamkuta Ladha na gari lake, amejaza magunia ya mpunga. Hakuuliza huyu nani wala wa wapi. Alipanda nyuma mwenyewe, akayasukuma magunia yote chini kwenye matope, wakamlaza Mwanaamina. Mpunga ule uliharibika wote, na mpaka anaingia kaburini Ladha hakuutaja.

Safari ya kwenda hospitali ya Mchukwi ilianza hivyo. Nyuma walikaa wanawake wawili, maana kujifungua ni jambo la wanawake na mwanamume hakai hapo. Mwinyimvua akakaa mbele, karibu na Ladha, macho kwenye maji yaliyofunika barabara. Katikati ya njia akasikia mtoto analia. Akashukuru Mungu kwa sauti. Ladha akapiga honi mara mbili kwa furaha.

Hakugeuka nyuma. Angegeukaje? Aliona haya mbele ya mama mkwe. Nyuma, damu ilikuwa haikatiki. Bi. Hadija alipogonga kioo, walikuwa getini kwa hospitali, na Mwanaamina alikuwa ameshakata roho.

Aliposhuka, Mwinyimvua aliona maji mekundu yakidondoka kutoka sakafu ya gari. Mkewe alizikwa Kibiti siku ile ile, kwa kuwa maji hayakuruhusu kumrudisha deltani. Mtoto akaitwa Ashura, akalelewa na bibi yake Ikwiriri.

Basi hilo ndilo gari lililotaka kupimwa kwa kilo.

Ujuzi wa mtu ndio macho yake. Mwinyimvua alilianza gari kama anavyoanza boti kuukuu: akalipapasa kote, akitafuta panapopitisha maji. Chini, kwenye chesisi, ile miti miwili ya chuma, mitupu kwa ndani, inayobeba gari zima, akakuta matundu sita ya duara, matatu kila upande. Moyo ukamuuma. Gari la Mzee Ladha limeachwa mpaka limetoboka!

Akayaziba. Aligonga vigingi vya mkoko, akashindilia pamba iliyolowekwa mafuta, akapaka lami juu yake. Kalafati safi, ya kukupeleka Mafia na kukurudisha. Watu wa Kibiti walipita wakimuuliza tanga atalitweka wapi. Alicheka nao.

Kisha akafanya kile ambacho kila fundi wa boti huko deltani hufanya kabla hajakabidhi kazi. Boti hujazwa maji kwa ndani, ikalala nayo, asubuhi watu wakaja kutazama inapovuja. Mwinyimvua alimimina ndoo nne ndani ya chesisi kupitia uwazi wa juu, akaufunika hadi asubuhi. Kulipokucha hakukuwa na tone chini. Alifurahi siku nzima.

Maji ya ndani ya boti hukumbwa kwa kata. Ya ndani ya chesisi yatakumbwa na nani? Yakabaki humo, na masika yakaongeza yake.

Miezi minane baadaye, injini ilikuwa imeshapatiwa vipuri kutoka Dar es Salaam, bodi la alumini limenyooshwa, bado vitu vidogo tu. Akaitwa Abdulswamadu, mchomeleaji mwenye karakana hii, afunge kipande cha chuma. Abdulswamadu aligonga chesisi kwa nyundo kidogo tu ili aipime. Nyundo ikazama. Maji yakatoka, mekundu kwa kutu, yakamwagika mchangani chini ya sehemu ya nyuma ya gari.

Mwinyimvua aliinuka, akaondoka bila kuaga.

"Rangi ile niliwahi kuiona," anasema polepole. "Chini ya gari lile lile, mahali pale pale. Nikajiambia, hili nalo nimeliua mimi."

Abdulswamadu, ambaye kwa kawaida hamwachi mtu bila utani, siku ile hakutania. Anasimulia kwamba alimfuata nyumbani kumweleza taratibu. "Nilimwambia, mzee wangu, yale matundu yaliwekwa na waliolitengeneza, maji yakiingia yapate pa kutokea. Boti inakufa kwa kuingiza maji. Gari linakufa kwa kuyafungia."

Wiki tatu Mwinyimvua hakukanyaga karakana. Kuunga chuma kipya kungegharimu shilingi laki sita na nusu, pato lake la miezi mitatu. Lakini fedha haikuwa ndiyo iliyomlaza chini. Alikuwa amemwahidi Ashura.

Ashura ana miaka ishirini na saba sasa, fundi cherehani Ikwiriri. Tangu utotoni hakutaka gari lile litajwe mbele yake, na baba yake alipolichukua alimwambia wazi kwamba haoni maana. Mwinyimvua alimjibu kwamba atalitengeneza kwanza, hiyo maana wataizungumza baadaye. Sasa ikabidi aende kumwambia kwamba ameliozesha. Alimkuta kwenye cherehani, akasema yote amesimama mlangoni: matundu, kalafati, ndoo nne, maji mekundu. Akamwomba radhi, kwa gari na kwa siku ile ambayo hakugeuka.

Ashura alimaliza mshono aliokuwa nao, akamwekea baba yake chai.

Ijumaa iliyofuata alishuka kwenye gari la abiria hapa Kibiti, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Gari la Ladha hakuwa amewahi kulitazama kwa macho yake. Alimuuliza baba yake mama alilazwa upande gani, akaoneshwa. Akapanda, akakaa hapo kitambo, mikono kwenye sakafu. Kisha akaanza kupima benchi la nyuma, apate kulishonea kava jipya.

"Sina picha ya mama. Hata moja," Ashura anasema, na machozi yanamtoka bila kuyaficha. "Mimi na yeye tulikuwa hai sote wawili mahali pamoja tu duniani, na ni hapa. Dakika chache. Nilikuwa nimelichukia bure."

Kesho yake Mwinyimvua alirudi kazini. Abdulswamadu alikata kilichooza, akaunga chuma kipya kinene. Matundu akayaacha makusudi, akamkabidhi mzee keekee. Alisema aliyeziba ndiye atoboe.

Saa tano kasorobo tundu la sita linapenya. Mwinyimvua anachota kikombe cha maji, anakimimina juu, anainama kutazama. Matone yanaanguka moja moja mchangani, meupe. Anayatazama mpaka yanakwisha.

Mpango wake ni baada ya Idi. Wataanzia kaburini kwa Mwanaamina kwa dua, waende mpaka geti la hospitali, kisha wageuze, waifuate ile njia ya siku ile kwa kurudi hadi bandarini, wavuke kwenda Kiongoroni. Ashura hajawahi kufika. Mama yake aliondoka apelekwe kujifungua, kisha arudi na mtoto, na safari ile haijarudi mpaka leo.

Abdulswamadu ndiye atakayeendesha. Kuna anayependekeza mzee akae mbele, kwa heshima yake, na Mwinyimvua anakataa.

"Mbele nilishakaa," anasema, anajifuta mikono. "Safari hii nitakaa nyuma, na mwanangu."